Dereva Akaaye Omoni

Msomaji wa Unguja akilisikia jina la Miembeni, fikra zake humpeleka Ng'ambo ya mji, kwenye mtaa anaoujua. Lakini iko Miembeni nyingine, mbali na upepo wa chumvi: kata ya Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Baina ya Miembeni hiyo na bandari ya Dar es Salaam pana barabara ya zaidi ya kilomita 1,400, na sehemu kubwa ya vitu vitokavyo pwani kwenda huko, tangu mabati hadi vitabu vya shule, hupanda lori.

Watu wa pwani hawana budi kutambua kwamba msamiati wa lori ni mali yao. Usukani ulizoea maji kabla ya kuzoea lami. Shehena ilikuwa ya jahazi kabla ya kuwa ya tela. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halikusafiri pamoja na maneno hayo, nalo ni mahali akaapo mshika usukani. Katika jahazi yeye huketi tezi, chombo chote kikiwa mbele yake. Kikigonga mwamba, omo ndiyo hutangulia kuupokea. Katika malori mengi yanayopita Tanzania hali imegeuzwa. Dereva ndiye aliyewekwa omoni. Injini i chini ya kiti chake, shehena i mgongoni, na mbele ya magoti yake pana kioo, dashibodi na bati.

Malori ya namna hiyo ndiyo yasiyo na pua. Ndugu zao wenye pua, ambao injini yao hutangulia na dereva akafuata nyuma yake, wamebaki kwa wingi Marekani. Mtu aweza kudhani kwamba tofauti hiyo ni ya mapenzi tu, kama vile mmoja apendavyo kofia ya viua na mwingine kilemba. Ukweli ni kwamba umbo la lori ni hukumu. Limeamuliwa na sheria, na kila sheria inapopima jambo moja huliacha jingine bila kipimo.

Yuko Miembeni ya Bukoba dereva mmoja mstaafu, mzee aliyevuka miaka sabini, aliyeyaonja maumbo yote mawili kwa mwili wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kazi akiwa utingo wa Bedford yenye pua, akipakia magunia ya kahawa vijijini na kuyaleta mjini. Lori lile lilikuwa na kelele, lakini kelele yake ilikuwa mbele. Joto lake lilikuwa mbele. Na likiharibika, fundi alipanda juu ya bampa, akafunua boneti, akaingiza kichwa kama mganga amsikilizaye mgonjwa. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, na Serikali ikayakusanya malori ya watu na mashirika ili kubeba askari na zana, yeye alikuwa tayari ameshika usukani. Alikwenda na pua yake, akarudi nayo imepondeka, mwenyewe mzima.

Miaka ya 1980 alikabidhiwa Scania isiyo na pua. Siku ya kwanza alijiona kama mtu aliyeketishwa kwenye dirisha la ghorofa. Barabara ilianza chini ya kidevu chake. Mbuzi, baiskeli, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wote aliwaona karibu kuliko alivyozoea. Ilimpasa ajifunze upya hata kukata kona, kwa kuwa magurudumu ya mbele yalikuwa chini ya kiti chake wala si mbele yake. Mwili wake uliingia konani kwanza, ndipo usukani ukafuata. Kila shimo alilihisi uti wa mgongoni. Injini ilinguruma chini ya kabini, na utingo aliweka chakula juu ya mfuniko wake kisipoe. Fundi alipotaka kuitazama, kabini nzima ilibinuliwa kuelekea mbele, na ole wake dereva aliyesahau chupa ya chai na sufuria ndani: vyote viliporomoka juu ya kioo.

Kwa nini basi pua ikakatwa? Jibu liko Ulaya. Barani humo miji mingi ilijengwa kabla ya magari, na njia zake zilipimwa kwa punda na mikokoteni. Watunga sheria waliamua kuupima urefu wa gari zima, tangu bampa ya mbele hadi taa za nyuma. Kwa mujibu wa Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1996, kichwa cha lori pamoja na semitrela yake havipaswi kuzidi mita 16.50, na lori lenye kukokota tela mita 18.75. Mfanyabiashara alipewa kamba ya urefu maalumu, akaulizwa ataigawaje. Kila sentimita ya pua ilikuwa sentimita iliyoibwa kutoka kwenye shehena. Na shehena hulipiwa, pua hailipiwi. Pua ikafa. Scania ya Sweden, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwisho wa malori makubwa ya pua barani humo, iliacha kuyaunda mwaka 2005.

Marekani nayo ilipita njia iyo hiyo kabla ya kuiacha. Tangu miaka ya 1930 majimbo yake yalikuwa na vipimo mbalimbali vya urefu wa gari zima, na kwa sababu hiyo miongo mingi barabara zake zilijaa Freightliner, Kenworth na White zisizo na pua. Kisha ikaja Sheria ya Usafiri wa Nchi Kavu ya 1982, iliyotiwa saini mwanzoni mwa 1983. Sheria hiyo iliyakataza majimbo yasiupime tena urefu wa gari zima katika barabara kuu za taifa; yaliachiwa kupima tela peke yake. Kwa kalamu hiyo moja pua ikawa bure. Madereva walioichukia kabini yenye kurukaruka juu ya ekseli, na mafundi walioichukia kazi ya kuibinua, wote wakaupata uhuru wao. Mwaka 2006 Freightliner iliacha kuiuza Argosy, lori lake kubwa lisilo na pua, katika soko la Marekani, ingawa iliendelea kuitengenezea nchi za ng'ambo.

Tofauti ya nchi hizo mbili huonekana wazi kwa mfano mmoja. Tela la kawaida la Mmarekani leo lina futi 53, yaani zaidi ya mita 16. Tela hilo pekee, bila ya kichwa, linakaribia urefu wote aliopewa Mzungu wa Ulaya kwa kichwa na tela pamoja. Nyuma ya kiti cha Mmarekani aghalabu mna chumba chenye kitanda kipana, jokofu na kabati. Mwenzake wa Ulaya hulala juu ya ubao mwembamba uliopachikwa nyuma ya viti. Lakini huyo wa Ulaya hulindwa na saa. Akiendesha saa 4 na nusu ni lazima apumzike dakika 45, na kwa siku ya kawaida haendeshi zaidi ya saa 9. Gari lake limefungwa lisizidi kilomita 90 kwa saa. Mmarekani huruhusiwa saa 11 kwa siku, na wengi hulipwa kwa kila maili, hivyo kila dakika ya kusimama humla mfukoni. Mmoja amepewa nafasi, mwingine amepewa muda.

Tanzania haikuziandika sheria hizo, lakini imezipokea kwa njia ya bandari. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mnamo Novemba 1965, na Zambia ikakosa njia ya mafuta, malori yaliingia katika barabara ya vumbi kati ya Dar es Salaam na Zambia, barabara iliyoua kiasi cha kuitwa njia ya Jahanamu. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia na Tanzania ya uchukuzi, ikiwa na mbia wa Kiitalia, na Fiat zisizo na pua zikashika njia. Baadaye Marekani ikawa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa kuitia lami barabara hiyo. Basi hapo palionekana kioja: lami ililipiwa na nchi ya malori ya pua, ikakanyagwa na malori yaliyokatwa pua kwa ajili ya vichochoro vya Ulaya, katika nyika ambayo ingelitosha pua ya urefu wowote.

Waliofuata walikazia desturi hiyo. Kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kiliunganisha Scania. Wajapani walileta Fuso na Isuzu, zilizobanwa na njia nyembamba za kwao. Katika karne hii Wachina wameleta Howo, za kampuni ya Sinotruk iliyonunua ujuzi wa Steyr ya Austria katika miaka ya 1980. Lugha za vibao vya injini zimebadilika. Kiti cha dereva hakikuondoka omoni. Freightliner zenye pua, zilizokwisha kutumika Marekani na usukani wake ukiwa kushoto, huonekana zaidi katika njia za Zambia na Kongo.

Mzee wa Miembeni anaye mwana aliyekwenda Marekani, akawa dereva wa lori huko Texas. Aliponunua simu ya kuonana nyuso, mwana alimwonyesha baba yake gari lake.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo pua mbele yako ni ya nini, ndefu kama mtumbwi?"

"Ni nyumba ya injini, Tata. Injini iko mbele, mimi niko nyuma yake."

"Basi kumbe huko injini ndiyo hutangulia kufika msibani."

Mwana alicheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa alijua ni magoti yapi yaliyokuwa yakisema.

Usiku mmoja katika miaka ya 1990 mzee huyo alikuwa akirejea na shehena kutoka bara. Barabara ya kuingia Kagera kwa upande wa Biharamulo ilikuwa na hofu mbili wakati huo. Ya kwanza ilikuwa majambazi wa mapori, hofu iliyoyafanya magari yaongozane katika misafara chini ya ulinzi wa askari wenye silaha. Ya pili ilikuwa lori bovu. Lori likifia njiani, desturi ya nchi ni kukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani umbali fulani nyuma yake, ili ajaye aonywe. Usiku ule matawi yalikuwa yamekwisha kusagwa na magari yaliyotangulia. Alipoiona tela iliyolala mbele yake, ilikuwa imekwisha kufika kiooni. Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilitii, shehena ilichelewa kutii. Utingo, aliyekuwa amelala nyuma ya viti, alitoka na michubuko. Dereva alikaa pale alipo hadi kulipopambazuka, bati likiwa limemshika miguu, huku wasafiri wakimpa maji kwa kikombe.

Hakukatwa miguu, walimwokoa nayo, lakini haikukunjika tena ipasavyo. Tajiri wake, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, alimtumia nauli ya kurudi nyumbani na ahadi. Mkataba haukuwapo. Alikuwa amefanya kazi kwa neno la mdomo na posho ya safari, kama madereva wengi wa zama zake, na neno la mdomo halina ukurasa wa kufunua. Madereva wa Tanzania walipogoma Aprili 2015, wakapinga kurudishwa chuoni kila wahuishapo leseni, na wakadai mikataba ya ajira iliyoandikwa, mzee alisikiliza taarifa hiyo redioni akiwa ameinyoosha miguu juu ya kigoda. Alisema neno moja tu: "Wamechelewa, lakini wamefika."

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba pua ni rehema na kukosekana kwake ni dhuluma. Mambo hayakukaa hivyo. Mwana wa Texas mwenyewe alimweleza baba yake siri ya pua: mtoto akipita karibu na bampa, dereva hamwoni. Boneti ndefu hukificha kimo cha mtoto kama ukuta uufichavyo ua. Na Miembeni, kama ilivyo mitaa yote ya miji ya Afrika ya Mashariki, barabara ni ya magari, ya watoto watokao shule, ya bodaboda na ya muuza karanga. Pua imlindayo dereva huweza kumuua mtoto. Na kabini bapa, ikiwa kioo chake kiko chini vya kutosha, humwokoa mtoto kwa gharama ya magoti ya dereva. London imelitambua jambo hilo: tangu Machi 2021 malori makubwa hayaingii mjini humo bila ya kibali kitolewacho kwa kupima ni kiasi gani dereva anawaona kwa macho yake watu walio kandokando ya gari, na Oktoba 2024 kipimo hicho kiliongezwa ukali.

Ulaya nayo imeanza kujirudi. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulikubali kwamba urefu wa kabini waweza kupita mpaka wa zamani, mradi nyongeza hiyo ilete usalama, mtazamo bora na unafuu wa upepo, wala isiwe ya kupakilia mzigo. Ruhusa ikaanza kutumika Septemba 2020, na mwaka uliofuata DAF ikatoa malori ya kwanza yaliyoundwa kwa kuifuata. Hiyo si pua ya Mmarekani. Ni pua fupi ya mviringo, kama kidevu kilichosogezwa mbele kidogo. Lakini sentimita zake chache zina maana kubwa: sheria iliyozoea kuipimia shehena imempimia mtu.

Ama Afrika ya Mashariki, kipimo chake kikuu kimekuwa uzito. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba. Msomaji alinganishe: kikomo cha kawaida cha barabara kuu za Marekani ni paundi 80,000, yaani tani 36 na ushei, kile cha safari za nchi hadi nchi barani Ulaya ni tani 40. Dereva wa Kagera, mwenye bati jembamba mbele ya magoti, ndiye aliyeruhusiwa kubeba mzigo mzito kuliko wote watatu mgongoni. Mizani ina haki yake. Bila ya mizani barabara zingegeuka mashimo, na mashimo nayo huua. Lakini mzani huipima ekseli na shehena. Haupimi usingizi wa aliyeketi juu yake, wala haumuulizi ana karatasi gani mfukoni.

Barabara zenyewe zimetengenea. Aendaye Bukoba kutoka Mwanza hangoji tena kivuko cha Busisi. Tangu Juni 2025 hupita juu ya daraja la kilomita tatu, akafuata Geita na Chato hadi Kyamyorwa, ndipo apande vilima vya Muleba. Atokaye Dar es Salaam hupita Lusahunga, mahali ambapo njia huachana: mmoja kwenda Bukoba na Mutukula, mwingine Rusumo. Huyo wa Rusumo akivuka mto huingia Rwanda, ambako magari hushika upande wa kulia. Kwa kuwa usukani wake uko kulia vilevile, hawezi kuona mbele ya lori lililomtangulia, na utingo huwa ndiye jicho lake. Humchungulilia, akasema "pita" au "bado". Roho za watu wawili, tani kadhaa za shehena, na neno moja la kijana wa miaka ishirini. Lami nzuri imeongeza mwendo, na mwendo umeongeza uzito wa neno hilo.

Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mabishano ya pua na ubapa nayo, yakizungushwa kote, hurejea mahali pamoja, palipo chini na penye giza, ambapo maji ya chombo hukusanyika: ni nani aliyekusudiwa kulindwa? Mwenye shehena amelindwa na bima. Barabara imelindwa na mzani. Mtoto wa London amelindwa na kibali. Dereva wa Ulaya amelindwa na saa, yule wa Marekani na mita mbili za chuma. Nchi inayonunua maumbo yaliyoamuliwa na wengine haiwezi kulibadili bati, lakini yaweza kuandika mambo ambayo bati halikuandikiwa: saa za kulala, malipo yasiyomfukuza mtu usiku, taa na vibao vya kuonyea mahali pa matawi, na karatasi yenye sahihi mbili.

Mjukuu wa mzee huyo amepata leseni ya daraja E na ameitwa kazini kuendesha Howo. Mama yake alitaka akatazwe. Mzee hakumkataza, kwa kuwa kazi ni chache na kijana anaipenda. Alichofanya ni kujikongoja hadi lilipoegeshwa lori lile, akaomba apandishwe kabinini, akaketi kitini, akautanguliza mkongojo wake hadi ukagusa dashibodi. Nafasi iliyobaki baina ya goti na bati ilikuwa shibiri moja na vidole vichache.

"Umeiona, mjukuu wangu?"

"Nimeiona, Babu."

"Hiyo huwezi kuirefusha. Basi nenda ukarefushe ile nyingine."

Kijana alirudi jioni na mkataba wa kurasa mbili. Mzee alitafuta miwani, akausoma mstari kwa mstari, akatia alama kwa kalamu ya risasi mahali palipoandikwa matibabu, akaurudisha uongezwe ukurasa wa tatu.